Kielelezo Namba Tatu

Karani wa vielelezo alikata uzi kwa meno, akafunga kikaratasi kwenye kitasa, kisha akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: Kielelezo Namba Tatu. Mlango mmoja wa mbao, rangi ya kijani, pamoja na fremu yake.

"Tayari, mama. Sasa mlango uko chini ya mahakama mpaka kesi iishe."

Mfumaji alishukuru. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyefuma masweta ya wanafunzi tangu ujana wake. Mlango ule ndio pekee uliobaki wima asubuhi ile tingatinga la kampuni lilipoangusha nyumba yao. Yeye alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi. Mumewe, aliyeitwa Fundi Saa na mtaa mzima, alikuwa amelala chumbani na homa. Kampuni ilisema nyumba ilikuwa tupu. Na kweli, kifusi kilipochambuliwa hakikutoa mtu, wala godoro, wala hata kijiko.

Wakili wake, binti mpole aliyetembea na mafaili mawili kwapani, ndiye aliyemfundisha maneno ya pale.

"Wewe ndiye mdai, mama. Kampuni ndiyo mdaiwa."

"Simdai mtu kitu, mwanangu. Namtaka mume wangu."

"Ndiyo hilo hilo. Hapa linaitwa dai."

Wiki ya tatu, Mfumaji alipokwenda kuuliza tarehe ya kusikilizwa, karani alimwita pembeni.

"Mlango wako unakohoa," alisema. "Nimeshauandika kwenye daftari. Halafu mzee ameuliza kama ulipata nyuzi."

Mfumaji akaketi kwenye benchi, mkoba magotini.

"Mwambie nilipata," alisema. "Au nifungulie nimwambie mwenyewe."

"Kielelezo hakifunguliwi bila amri, mama. Nitamfikishia."

Siku ya kusikilizwa mlango uliegemezwa ukutani, nyuma ya kizimba cha mashahidi. Wakili binti aliomba ufunguliwe, na hakimu akakubali. Ndani kulikuwa na ukumbi mwembamba, koti limetundikwa, na saa kumi na nne ukutani, kila moja na majira yake. Hakimu akatangaza kwamba mahakama itatembelea eneo la tukio. Akapangusa viatu kwenye mkeka akaingia, mawakili nyuma yake, mpiga chapa nyuma yao na mashine yake kifuani. Mfumaji aliingia wa mwisho, kwa kuwa hakutaka kuwasukuma watu.

Fundi Saa alikuwa amekaa kitandani, blanketi mabegani.

"Karibuni," alisema. "Mnisamehe, miguu haina nguvu."

Kisha akamwona mkewe. "Umechelewa, mwenzangu."

"Nimechelewa," alisema Mfumaji. Alitaka kumgusa paji la uso, apime homa. Askari wa mahakama akamwonyesha kwa kidole mahali pa mdai kusimama.

"Siku ya tukio ulikuwa wapi?" hakimu aliuliza.

"Hapa hapa, mheshimiwa. Nilipiga kelele. Dereva alizima mashine, akasikiliza, halafu akaiwasha tena."

Mpiga chapa akayagonga maneno hayo kwenye mashine yake. Wakili wa kampuni akasimama. Alikuwa mrefu, ikambidi ainamishe kichwa chini ya taa.

"Pingamizi. Kilichopokelewa na mahakama ni mlango mmoja na fremu. Nyumba haikuorodheshwa. Huyu bwana hakuorodheshwa. Tena amesema bila kula kiapo."

"Basi aapishwe," alisema wakili binti.

"Hawezi. Ni marehemu. Hati ya kifo imo kwenye jalada, na iliombwa na mdai mwenyewe."

Hakimu alipekua jalada, akaiona. Akamtazama Mfumaji kwa juu ya miwani.

"Uliapa kwamba mumeo amekufa?"

"Niliambiwa bila hati hiyo kesi haifunguliwi."

"Jibu ndiyo au hapana, mama."

Mfumaji hakumtazama hakimu. Alimtazama Fundi Saa, naye Fundi Saa akamtazama yeye, uso wake ukiwa kama wa mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

"Ndiyo," alisema.

"Uliapa?" mumewe aliuliza taratibu.

"Niliapa."

Fundi Saa akavuta blanketi. "Basi ulikuwa umebanwa," alisema. "Nakujua."

Hukumu ilisomwa siku nane baadaye, ikachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kama Fundi Saa yupo, alisema hakimu, basi hakuna kifo cha kushtakia. Kama hayupo, hakuna alichosema. Maneno yake yaondolewe kwenye kumbukumbu. Dai limetupwa. Kiwanja na vyote vilivyokuwa juu yake ni vya kampuni, mlango ukiwemo, nao ukabidhiwe siku hiyo hiyo.

Wakili binti alianza kueleza habari ya rufaa, akaishia kupanga mafaili yake upya. Mfumaji akampapasa mkono kana kwamba binti ndiye aliyefiwa.

Lori la kampuni lilichelewa. Karani alitazama kulia na kushoto, akafungua stoo, akafungua na mlango.

"Kidogo tu, mama."

Mfumaji alikaa ukingoni mwa kitanda. Homa ilikuwa bado. Alilowesha kitambaa kwenye beseni, akakikamua, akamwekea kwenye paji la uso.

"Wameamua?" Fundi Saa aliuliza.

"Wameamua."

"Tumeshinda?"

Akakigeuza kitambaa upande wa baridi. "Tumeshinda."

"Walisema nini hasa?"

"Walisema ulikuwemo."

Fundi Saa alishusha pumzi ndefu. Akafumba macho, na mikunjo ya uso wake ikalegea mmoja mmoja.

"Basi kaa," alisema. "Usiende tena mahali."

Akakaa. Akamshika mkono mpaka karani alipobisha, akachungulia, asijue pa kutazama.

"Wamefika, mama. Na karatasi yao inasema mlango na fremu tu. Wewe hukutajwa."

Alimwambia mumewe kwamba anakwenda kufunga dirisha. Akatoka, akaufunga mlango kwa mikono miwili.

Wachukuzi wanne waliubeba kuelekea ngazi. Walilalamika kwamba kwa mlango ni mzito mno. Kwenye kona ya pili ya ngazi sauti ikatoka ndani, ya mtu aliyeamka na furaha.

"Polepole, wanangu, msinivunjie saa. Mmenibeba siku njema. Leo tumeshinda kesi."

Mchukuzi wa mbele alisimama. Alimtazama Mfumaji, aliyekuwa akishuka nyuma yao ameshika ukuta, naye akamtikisia kichwa, asimwambie.

"Hongera, mzee," mchukuzi alisema, akarekebisha bega, wakaendelea kushuka.