Hospitali Haivai Suruali

Chai ilikuwa inapoa na mama hakuigusa. Bwana Levis, mkubwa wa hospitali, alikuja kwetu Kegonga na mkate, sukari na rambirambi, wiki moja baada ya kumzika dada yangu Nyangi. Alizungumza Kiingereza. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, ndiye niliyemfasiria mama kwa Kikuria, na mtoto wa Nyangi alikuwa amelala mgongoni mwa mama.

Kwetu huli na mtu mwenye kifo mkononi mpaka akitaje kwa kinywa chake. Ukinywa chai ya sukari yake kabla ya hapo, kesi imekwisha. Levis alilijua hilo, ndiyo maana alizidi kumsogezea mama kikombe.

Nyangi alivuja damu mchana kutwa baada ya kujifungua. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa Homa Bay, kwenye semina, mfukoni mwa mtu. Nesi alishatunong'oneza ni nani. Tulitaka aseme mwenyewe.

"The failure was institutional," Levis akasema kwa upole.

Neno hilo nimelifundisha miaka mingi. Institutional reform, institutional memory: jambo la taasisi nzima, si la mtu mmoja. Ni neno safi, limepigwa pasi. Siku hiyo nililichukia, nikamchukia na aliyelitamka, maana niliiona kazi ya neno hilo pale: watu wanaingia ndani yake na majina yao, wanatoka hawana.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema hospitali ndiyo iliyokosa. Si mtu."

"Hospitali haivai suruali. Muulize ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani."

Nilimuuliza. Levis akageukia Kiswahili, akinitazama mimi badala ya mama.

"Madam Robi, hiyo story tuiwache. Hii ni mambo ya system."

Sikumfasiria. Mama alikuwa ameshamwona uso. Alivikusanya vikombe, akaenda kuimwaga chai nje ya ua, mkate akamrudishia mgeni mkononi.

Mwezi uliopita nilikutana na Levis Migori, katika hoteli karibu na stendi. Kitambi kimeongezeka, cheo pia. Akaniagizia soda kabla sijakaa vizuri.

"Kunywa basi, madam."

"Sema kwanza," nikamwambia.

Akatazama saa yake. Nilinyanyuka nikaenda zangu, soda nikaiacha mezani na kizibo chake.