Samaki wa Chini ya Petroli

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa boti ya wagonjwa alitandika gunia juu ya meza ya karakana, akapanga bisibisi mbili, koleo na kitambaa kisafi, akaanza kuitafuta hitilafu kwa utaratibu wake wa siku zote: kutoka kwenye tanki kuja mbele. Jumamosi injini ilikuwa imekohoa katikati ya ziwa ikazima, na nahodha akarudi akikokotwa kwa kamba na mtumbwi wa muuza vitunguu. Aibu gani hiyo, jamani, kwa boti yenye king'ora.

Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki lilikuwa wazi. Mpira wa mafuta haukuwa na ufa. Aliminya pampu ya mkono mpaka ikakaza, maana yake mafuta yanafika. Plagi zilitoa cheche vizuri tu. Ikabaki kabureta, na fundi alikuwa na msemo wake kwamba kabureta ni kama mama mkwe, huendi kumsumbua mpaka umemaliza njia nyingine zote. Alilegeza skrubu nne, akashusha lile bakuli dogo la chini ambamo mafuta hutulia kabla ya kuvutwa ndani ya injini. Mlikuwa na samaki.

Alikuwa mzima, hazidi ukucha wa kidole gumba. Fundi alimmimina pamoja na mafuta kwenye chupa tupu ya jemu, akaiacha itulie. Baada ya muda petroli ikakaa juu, maji yakakaa chini, na katikati ukajichora mstari ulionyooka. Samaki alizunguka chini. Kila alipofika kwenye mstari aligeuka. Fundi aliyapima maji kwa jicho, akaona ni robo ya chupa, na hapo akajua yote, akatamani asingejua.

Alibeba chupa na fomu ya hitilafu mpaka kwa mkuu wa gati, aliyekuwa anakunywa chai.

"Samaki huyo," alisema mkuu.

"Naona, bosi. Lakini tatizo si samaki, ni maji."

Mkuu aliichukua fomu. Fundi alikuwa ameandika: Maji kwenye mafuta. Mkuu akayakata kwa mstari mmoja, taratibu.

"Wewe kwa kazi huna mpinzani, ila kuandika hujui. Ukiandika maji, umemtaja mtu, maana maji hayaingii kwenye dumu kwa miguu yake. Ukiandika samaki, hujamtaja mtu yeyote. Samaki hutokea."

"Sasa huyo samaki anaishi kwenye nini, bosi?"

"Aa, fundi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Fomu haikuwa na sehemu ya samaki, kwa hiyo mkuu alimwandika chini ya "Mengineyo", akairudisha itiwe sahihi.

Ufunguo wa stoo ya mafuta ulikuwa na mtu mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako: mtunza stoo alikuwa shemeji yake fundi, kaka wa marehemu mkewe. Mtu mcheshi, mwenye mkono wazi, mwenye kutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu hata kwa kusalimia. Gati nzima ilimpenda, na waendesha pikipiki wa barabara ya juu, waliokuja kujaza vigaloni vyao mchana kweupe, walimpenda zaidi.

"Shemeji, mafuta yana maji," fundi alimwambia.

"Mimi nasikia yana samaki."

"Acha utani. Ni boti ya wagonjwa ile."

Shemeji akaacha kucheka. "Dada alipofariki, mtoto wako alikaa kwa nani?"

"Kwako."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Niliwahi kukuuliza chochote?"

Fundi alirudi karakana akatia sahihi, na siku nzima alijiona mdogo kama yule aliyekuwa chupani.

Baada ya hapo samaki walizoeleka. Nahodha alitembea na chupa yake chini ya kiti. Wauguzi waliuliza "Wangapi leo?" kama watu wanaoulizia mvua. Wapishi wa kando ya gati walilalamika kwamba samaki wa tanki wananuka petroli hata ukiwachemsha mara mbili, lakini waliwanunua. Fundi aliomba chujio la kutenganisha maji na mafuta. Ofisi ilikaa kikao, ikamletea wavu mdogo wenye mpini, na barua yenye mhuri ikimwongezea majukumu.

Angeweza kuyavumilia yote hayo, kama si binti yake. Binti alikuwa mwalimu ng'ambo ya ziwa, ana mimba ya kwanza ya miezi minane, na mkunga wa zahanati alikuwa ameshasema mtoto amelala upande. Kuzalia kule hakuwezekani. Uchungu ukianza tu, avushwe haraka apelekwe kwenye upasuaji. Barabara ya kuzunguka ilikuwa ya siku nzima. Boti ilikuwa moja.

Fundi akafanya alichoweza. Aliomba dumu moja, akaliacha siku mbili bila kuligusa, akanyonya kwa mpira petroli ya juu peke yake na kuihamishia kwenye dumu lingine. Akaipima kwenye chupa: hakuna mstari, hakuna kitu kinachoogelea. Alilifunga dumu kwa utepe mweusi wa fundi umeme, mizunguko mitano, akalificha chini ya meza nyuma ya mapangaboi mabovu. Hakumwambia mtu. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Zahanati ilipiga simu Alhamisi, saa saba mchana. Fundi alilivuta dumu, akakimbia nalo, akamkabidhi nahodha.

"Kwenda tumia ya tanki. Ukishampakia, badilisha, chomeka mpira kwenye hili. Hata tone usilitumie kabla."

"Sawa, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Boti ilikwenda ikikohoa, lakini ilikwenda. Fundi alisimama mwisho wa gati. Masikio yake yalikuwa na miaka thelathini ya injini ndani yake, na aliisikia ikiwaka kule ng'ambo, akaisikia ikija, ikiimba vizuri, mpaka ilipokuwa doa jeupe katikati ya maji. Hapo ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Alijua kila ambacho nahodha alikuwa anafanya, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Sasa anafungua tundu la hewa. Sasa anaminya pampu. Sasa anavuta kamba, anavuta tena. Akapiga kelele, "Choki! Vuta choki!", na watu wa gatini wakatazama pembeni kwa heshima. Ilichukua saa tatu mpaka muuza vitunguu, ambaye ndiye aliyekuwa karibu, akawafikia na kuwakokota hadi gatini.

Binti alikuwa hai. Mkono wake ulikuwa wa baridi na hakuweza kuongea. Fundi alisukuma kitanda cha magurudumu mpaka hospitali iliyopakana na gati, mlango wa chumba cha upasuaji, wakamzuia hapo, na kwa kuwa hakujua aipeleke wapi mikono yake, alirudi kwenye boti akaifungua kabureta. Bakuli lilijaa samaki mmoja, amejikunja, amekikwamisha kielea, kile kiboya kinachopima mafuta, kisipande wala kushuka. Dumu lilikuwa nusu maji. Utepe ulikuwa mizunguko mitano, umefungwa kwa uangalifu, ila umezungushwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama anavyofunga mtu wa mkono wa kushoto. Mchana ule, kwa haraka yake, hakuutazama. Hakupima hata tone kwenye chupa, yeye aliyepima kila kitu.

Shemeji alikuja anakimbia, jasho linamtiririka. "Wamesemaje hospitali?" Kisha akaliona dumu, akapunguza mwendo. "Hilo... nililikuta limekaa tu nyuma ya vyuma. Nikadhani limesahaulika."

"Lilikuwa la mpwa wako."

Shemeji alikaa chini, palepale kwenye mbao zenye grisi, akalia kwa sauti. Alisema hakujua, na ilikuwa kweli.

Mtoto mchanga hakupona. Habari ilifika gatini jua likikaribia kuzama, na mkuu wa gati akaja mwenyewe kutoa pole, kofia mkononi. Ili kumpunguzia mzigo alikuwa ameijaza fomu kabisa, ikabaki nafasi ya sahihi tu. Fundi aliisoma. Akamtazama shemeji yake pale chini. Akakumbuka fomu nyingine saba zenye neno lilelile, samaki, na jina lake chini yake. Akatia sahihi.

Asubuhi iliyofuata wanaume wawili walikaa kando ya kitanda cha hospitali, mmoja kila upande. Shemeji alikuwa ameleta kanga mpya na chupa ya chai, na macho yake yalikuwa mekundu. Simu yake ikaita. Akatoka ukumbini, na sauti yake ikasikika kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo: "Leo nina msiba, ndugu yangu. Njoo na galoni Jumatatu."

Binti alifumbua macho.

"Baba, injini ilikuwa na nini?"

Tangu utotoni alikuwa akimuuliza swali hilo, na fundi hakuwahi kumdanganya hata siku moja, hata alipokuwa mdogo asiyeelewa kabureta ni nini. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemziba mdomo.

"Samaki," alisema.

Binti hakushangaa. "Mkubwa?"

Fundi akainua mikono kumwonyesha. Nafasi kati ya viganja ilizidi kutanuka, ikampita samaki yeyote aliyewahi kutoka kwenye kabureta. Binti aliitazama nafasi ile, kisha akageukia ukutani.