Mikono Minne Mipya

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye yale makoti mawili ya kijivu ni mikono. Ya kushoto ilikuwa mifupi kuliko ya kulia kwa upana wa kidole. Nilikuwa namalizia kifungo cha mwisho, makoti yakisubiri mwenyewe. Nikaipima kwa macho, nikaipima kwa shubiri, kisha nikakata uzi kwa meno na kunyamaza. Aliyeikata ni Bi Mkasi, mwenye karakana. Mimi nani nimwambie?

Siku ya tatu makoti yakarudi. Mteja alilivaa moja mbele yetu, akanyoosha mikono kama mtu anayepekuliwa na askari. Kila mtu aliona. Bi Mkasi akacheka kidogo, akaushika mkasi unaoning'inia shingoni mwake kwa utepe.

"Aa, mkasi huu nao! Mkasi umekosea, baba. Niachie, wiki ijayo njoo uchukue."

Mkasi umekosea. Nikainamia vifungo vyangu.

Pale karakanani hakuna anayeitwa jina alilopewa na mama yake. Mzee anayenyoosha nguo ni Pasi. Mimi ni Vifungo, maana miaka mitatu sijapewa kazi nyingine. Lakini kushona najua. Nilijifunza kwa vipande vya kutupwa, wenzangu wakienda kula. Na tangu dada mmoja aolewe na kuhama, cherehani ya dirishani ilikuwa imefunikwa shuka, haina mtu.

"Nakuangalia, Vifungo," Bi Mkasi aliniambia. "Siku utakayonionyesha una akili, cherehani ile ni yako."

Niliiwaza nikilala, niliiwaza nikiamka.

Wiki ile tulipata kazi kubwa, mashati mia mbili ya shule. Jioni moja nilirudi nyumbani vidole vikiniuma, nikamkuta mdogo wangu kainamia daftari, uso kaukunja. Yeye yuko sekondari. Mimi niliishia darasa la tano, mama alipougua.

"Dada, kesho nina mtihani wa tamathali za semi na taashira hainiingii kabisa. Sikiliza: 'Taashira ni kutaja kitu kimoja kwa maana ya kingine kinachohusiana nacho.' Sasa hiyo ina tofauti gani na sitiari?"

"Sitiari ni nini?"

"Kukiita kitu kwa jina la kingine kwa sababu vinafanana. 'Yule ni simba.' Kama bosi wako, anaitwa mkasi. Sitiari, si ndiyo?"

"Kwani anafanana na mkasi?"

"Mdomo wake, ndiyo!"

Tukacheka. Lakini lile jambo lilikuwa limeshanikaa kichwani.

"Hatukumwita hivyo kwa sababu ya mdomo," nikasema. "Ni kwa sababu mkasi hautoki shingoni mwake. Mzee Pasi hafanani na pasi hata kidogo, ila anaishika kutwa nzima. Kufanana ni hiyo sitiari yako. Kuwa karibu ndiyo taashira."

Akafunga daftari. "Hebu niache, dada. Darasa la tano utayajua haya? Nitamuuliza mwalimu."

Hapo simu yangu ikalia. Ujumbe wa Bi Mkasi:

"Kesho saa mbili nataka mikono minne mipya. Usiniangushe."

Makoti mawili yaliyofumuliwa mikono yote, mikono minne. Siku yenyewe ndiyo hii.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta Pasi ndiyo kwanza anafungua mlango.

"Vifungo! Umefukuzwa kwenu?"

"Bi Mkasi kaniagiza."

Nilishusha kitambaa cha kijivu, nikachukua vipimo vya mteja kwenye kile kikaratasi kilichobanwa kwenye koti, nikachora kwa chaki. Nikapima mara mbili, nikakata mara moja. Nikaifunua cherehani ya dirishani. Mkono wa kwanza ulinisumbua, lakini wa nne ulitoka kama maji. Nikatia bitana, Pasi akanipigia pasi bila kuuliza tena. Nikailaza mezani miwili miwili. Hata uzi mmoja haukutofautiana.

Saa mbili kamili Bi Mkasi akaingia, akatazama mlangoni, akatazama nyuma ya pazia.

"Wako wapi?"

"Hii hapa, mama."

"Nimeuliza, wako wapi?"

"Mikono, mama. Minne." Nikaisogeza.

Aliitazama, akanitazama mimi. Pasi ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka pasi chini, akapeana mkono na ule mkono wa juu kabisa.

"Karibuni wageni! Habari za kwenu? Mbona mmekuja bila vichwa?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Bi Mkasi hakucheka.

"Watu, we msichana! Nilitaka watu wanne! Si nilikuuliza huko kwenu kama wapo wasichana wanaojua sindano, ukasema wapo? Mashati mia mbili nitayashona na nani, na hivi vitambaa? Kila siku nasema mikono mingi kazi haba, hunisikii?"

Ni kweli aliniuliza, wiki mbili nyuma, akasema ataniambia. Na ni kweli husema hivyo. Lakini makoti yalikuwa yametundikwa pale pale, hayana mikono. Maneno yalinijaa mdomoni: *Ungeandika watu, mama. Mikono ndiyo uliyoandika.* Nikaanza kuikunja ile mikono.

"Nikasema nikupe cherehani!" akamalizia. "Mtu ujumbe wa mstari mmoja unamshinda. Umekosea, Vifungo. Ndiyo hasara ya kuacha shule."

Yeye akikosea, mkasi umekosea. Mimi nikikosea, hakuna sindano wala uzi wa kunibebea. Ni mimi, na shule yangu juu.

Mchana alileta wasichana wanne mwenyewe. Mmoja akakalishwa dirishani. Nilimsikia akiuliza uzi mweupe uko wapi, nikampa. Hana kosa, maskini. Jioni ile alikuwa ameshaanza kuitwa Dirisha.

Nyumbani nilimsimulia mdogo wangu, nikidhani atanionea huruma. Akapiga kofi mezani.

"Dada! Mikono kwa maana ya watu! Si ndiyo taashira yenyewe! Na mtihanini nimeandika mfano wako wa Pasi. Wewe uliyenifundisha ndiye umetumbukia humo humo!"

"Najua," nikasema. "Kula chakula kinapoa."

Wiki iliyofuata mteja akaja. Mikono yangu ilikuwa imeshashikizwa kwenye makoti, na vifungo nilivishona mimi, kama kawaida. Akavaa, akanyoosha mikono, akajigeuza mbele ya kioo. Ikalingana.

"Sasa hii ndiyo kazi!" akasema. "Nani kashona?"

Bi Mkasi akaushika mkasi shingoni, akatabasamu.

"Mkasi umejirekebisha, baba."

Pasi alinitupia jicho. Nilikuwa na sindano mdomoni, nikaibana kwa meno. Mteja akalipa, akaaga, akaondoka na mikono yangu.

Nimekaa na neno hili tangu siku ile. Leo nalisema.

Mama, mkasi haukosei na mkasi haujirekebishi. Uliyekosea ni wewe, nami niliona tangu siku ya kwanza. Aliyerekebisha ni mimi.