Gari la Zamu

Jumatatu asubuhi gari lilifika kwa Ruguru likisukumwa na akina mama saba. Gladys, mwenyekiti wao, alikuwa ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika pembe za fahali.

Gari halikuwa bovu. Injini ilikuwa nzima na magurudumu yalikuwa mazuri. Lilisukumwa kwa sababu katika kikundi chao chote pale Manyatta hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuendesha, na katiba ya kikundi ilisema waziwazi kwamba asiye mwanachama hatashika usukani.

"Mama Wawira, zamu yako hiyo!" Gladys alisema akishuka. "Wiki nzima. Lioshe, lifunike, na usiache kuku walale juu yake."

"Na nikitaka kwenda mahali?"

"Utatuita tuje tulisukume."

Wakacheka wote, na Ruguru akacheka pamoja nao. Akawapa chai, wakanywa, wakaenda zao. Walipokwisha kuondoka akakaa kwenye kigoda chake akalitazama lile gari jeupe limesimama kando ya zizi. Kicheko kikamwishia mdomoni.

Walikuwa wameliwekea akiba miaka minne. Maziwa ya asubuhi, mayai, parachichi, kahawa kidogo. Kila Alhamisi mtu aliweka mezani alichojaliwa. Walikuwa wamechoka kukaa bila gari. Mama Njoka alijifungua kando ya njia akingoja gari la kukodi, na dereva alipofika swali lake la kwanza lilikuwa nani atalipa akichafuliwa viti. Gladys aliwahi kukaa na kabichi zake barabarani siku mbili mpaka zikaanza kunuka. Ruguru naye, alipotoka hospitalini kutiwa chuma gotini, alirudishwa nyumbani kwa pikipiki, mguu umenyooka mbele kama mpini wa jembe, huku akipiga kelele njia nzima, "Tokeni! Tokeni, mguu unakuja!"

Ile sheria ya usukani nayo ilikuwa na sababu. Zamani walinunua pikipiki, wakamkabidhi mwana wa mweka hazina wa siku hizo. Pikipiki ikaenda Siakago kutafuta abiria, na haikuleta nyumbani kitu ila pancha. Kwa hiyo safari hii walitunga sheria kabla ya kununua: waume, wana na mashemeji wakae mbali. Wakatia sahihi, wakapiga muhuri, wakaimba. Ni siku ile muuzaji alipoliegesha gari uwanjani kwa Gladys na kuondoka kwa miguu ndipo walipotazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani mwenzake ana mpango.

Wanachama wawili wenye damu changa walipelekwa Embu mjini kujifunza udereva, lakini leseni zao zisingepatikana kabla ya Desemba, na sasa ilikuwa Agosti. Hata hivyo zamu ni zamu. Tangi la maji la kikundi lilizunguka boma kwa boma, na gari nalo likazunguka.

Jioni simu ililia. Ilikuwa ni Wawira, binti yake aliyeolewa Kangeta, huko Igembe.

"Mama, ni Jumapili hii. Mchungaji amekubali. Utakuja?"

Ruguru aliutazama mguu wake kwanza. Wawira alikuwa amejifungua mtoto wa pili wa kike. Wa kwanza aliitwa Kiende, jina la mama mkwe wake, kama desturi inavyotaka. Wa pili ni wa upande wa mama. Huyu angeitwa Ruguru. Na kanisani kwao anayetoa jina ndiye humbeba mtoto mpaka mbele na kulitamka kwa kinywa chake.

"Goti, mwanangu," alisema. "Mara ile nilibadilisha magari matatu. Mlinishusha kama gunia la mahindi."

"Najua. Na la kukodi?"

"Nimeuliza. Bei waliyonitajia ni ya ndama."

Kisha sauti nyingine ikaingia kwenye simu, nzito na yenye furaha. Ilikuwa ya Kiende mwenyewe, mama yake Muthomi, mumewe Wawira.

"Mama Wawira, sikia. Watu wananiambia nimbebe mimi usipokuja. Nimekataa. Mimi wangu nilishambeba. Huyu nitamngojea mwenyewe."

"Asante, dada yangu. Lakini usingoje sana."

"Nitangoja sana," alisema Kiende, akakata simu.

Ruguru alikaa na simu mkononi. Moyoni aliyaweka yale maneno pamoja na mema mengine aliyowahi kutendewa, maana alikuwa na kawaida ya kuyakumbuka, hata ya miaka mingi. Na katika kuyakumbuka ndipo alipomkumbuka Mbaka.

Alhamisi kikundi kilikutana kwake. Baada ya maombi akasimama, akajishika kwenye meza.

"Nataka tuongeze mwanachama. Mbaka."

"Mbaka gani?" Gladys aliuliza. "Si yule mzee wa lori la majani chai?"

"Huyo huyo. Amestaafu, na leseni yake ingali hai."

"Mama Wawira! Hiki ni kikundi cha akina mama."

"Najua."

"Tukimwingiza mwanamume mmoja leo, kesho wameketi hapa wote wanakula chapati zetu, na gari liko Siakago!"

Wengine wakaguna kuunga mkono. Ruguru akangoja watulie. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Nataka niwaulize kitu kimoja. Miaka ile tulipokuwa tukibeba kuni na vikapu kutoka juu mlimani, ni dereva gani alikuwa akisimamisha lori bila kupungiwa mkono? Alikuwa akishuka, anapakia mzigo, anakushusha langoni kwako. Kuna mtu hapa aliwahi kuulizwa senti?"

Mama Njoka akasema polepole, "Mimi alinipeleka hospitali na mtoto mwenye degedege. Alinikopesha hata koti lake."

"Mimi alinibebea mabati," mwingine akasema.

Gladys akatazama dari. "Mimi pia alinibeba," alikiri mwishowe. "Lakini sheria ni sheria. Akitaka kuwa mwanachama, awe mwanachama kamili. Aje kila Alhamisi. Aweke mchango. Aoshe vyombo zamu yake ikifika. Na avae kitenge cha kikundi! Hatutaki mwanachama nusu."

Wakamwita. Mbaka alikuja ameshika kofia mkononi, akasimama mlangoni akasikiliza masharti yote mpaka mwisho.

"Vyombo?" aliuliza.

"Vyombo," Gladys alisema, akimtazama usoni.

"Tangu mama watoto aniache, ninyi mnadhani sufuria zangu huoshwa na nani?" Akageuza kofia mikononi. "Nitaosha. Na Alhamisi nitakuja. Nyumba yangu haina watu wa kuongea nao. Ila hicho kitenge, jamani, nishonewe shati. Gauni halitanikaa."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Hata Gladys alilazimika kufuta macho kwa ncha ya leso. Mikono ikainuliwa, na Mbaka akawa mwanachama wa kumi na mbili. Kabla ya kwenda alikusanya vikombe vyote bila kuambiwa.

Mpango ulikuwa waondoke Jumamosi kwenda Kangeta. Lakini Mbaka alipowasha gari, halikuitika hata kwa kukohoa. Betri ilikuwa imelala kwa kukaa bure. Akaifungua, akaipakata kwenye pikipiki mpaka Embu kuichaji, na aliporudi jua lilikuwa limekwenda.

"Kesho alfajiri," alisema. "Tutafika."

"Ibada inaanza saa tatu," Ruguru alisema kwa sauti ndogo.

"Basi tutafika wakiwa wameshapasha sauti."

Waliondoka kabla ya jogoo wa pili: Mbaka kwenye usukani, shati lake la kitenge limepigwa pasi, Ruguru mbele na mguu wake umenyooshwa, Gladys na Mama Njoka nyuma katikati ya mkungu wa ndizi, mfuko wa njahi, yale maharage meusi, na mtungi wa uji uliochachuka vizuri. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala mabondeni. Gladys alisema atafumba macho kidogo tu, akaanza kukoroma kabla ya Runyenjes.

Kila baada ya mwendo wa saa moja Mbaka alisimama. Hakuulizwa. Alizunguka, akafungua mlango, akampa Ruguru mkono atembee hatua chache.

"Mzee, tutachelewa," Ruguru alimwambia walipofika Chuka. Saa ya mkononi aliiona kama inakimbia.

"Tutachelewa kidogo. Goti likikataa, utambebaje mtoto?"

Ruguru akatembea hatua zake, akarudi ndani.

Walipita Meru mjini saa tatu kasorobo. Barabara ya kwenda Igembe ilikuwa na magari ya miraa yaliyokuwa yakirudi matupu, mbio kama upepo, na Mbaka akayapisha yote kwa adabu. Kangeta waliingia saa nne na robo. Ruguru alikuwa amekwisha kukata tamaa. Moyoni alijiambia kwamba amwone tu mtoto, inatosha. Jina ni jina hata likitamkwa na mwingine.

Lakini nje ya kanisa, mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano alikuwa amesimama njiani akitazama barabara, mkono kwenye paji la uso. Alipoliona gari akapiga vigelegele, akageuka mlangoni akapaza sauti, "Wamefika! Sasa mnaweza kunyamaza!"

Ndani, kwaya iliacha kuimba katikati ya ubeti. Walikuwa wameimba wimbo wa saba mfululizo kwa amri ya Kiende, na mwalimu wao alikuwa hana sauti tena.

"Nilikwambia nitangoja sana," Kiende alisema, akimpokea Ruguru kwa mikono yote miwili.

Wawira alikuwa mbele, amesimama, machozi na kicheko vimechanganyika. Ruguru akautazama ule ujia mrefu katikati ya viti. Mbaka akasogea upande wa goti bovu, Kiende upande wa pili, wakaenda naye hatua kwa hatua. Watu waligeuza vichwa kulitazama lile shati la kitenge, lakini hakuna aliyecheka kwa ubaya. Walipofika mbele wakamwachia, maana hapo alitaka kusimama mwenyewe.

Wawira akamweka mtoto mikononi mwake. Alikuwa mwepesi, mwenye joto, amelala huku amekunja uso kama mtu anayewaza jambo kubwa.

"Mtoto huyu anaitwa nani?" mchungaji aliuliza.

Kwa miaka sitini na sita Ruguru alikuwa akiitika jina lile alipoitwa na wengine. Hakukumbuka kama aliwahi kumwita mtu kwa jina hilo. Akamsogeza mtoto karibu na uso wake, akalisema kwanza polepole ili mwenyewe asikie, kisha akainua kichwa akalisema tena, kwa nguvu, mpaka waliokuwa wamesimama mlangoni wakaitika.