Hewa ya Tanga

Nafisa aligundua kosa lake asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi, na tangu hapo chai haikushuka.

Miezi minne alikuwa akichonga bawa jipya la droni ndani ya kompyuta. Kompyuta ilimwonyesha upepo kwa mistari ya rangi, jinsi unavyopita juu ya bawa na chini yake. Naye akakunja ncha hapa, akapunguza unene pale, mpaka droni ikaweza kubeba kilo tano za dawa hadi vijiji vya mbali. Ila faili la kuanzia alipewa na binamu yake wa Tanga, na damu ni nzito kuliko maji, nani humkagua ndugu? Asubuhi hiyo ndipo alipoona: hewa iliyoandikwa mle ni ya Tanga, ya usawa wa bahari. Lubumbashi kwao iko juu, hewa yake nyepesi, na jua la Oktoba huifanya nyepesi zaidi. Akarudia hesabu kwa hewa ya nyumbani. Mistari ikabanduka kutoka kwenye bawa, ikavurugika. Droni yenye mzigo ingepanda kidogo, kisha ingeanguka.

Alipaswa kusema. Lakini wageni walikuwa wameshaalikwa kuitazama droni ikirushwa alasiri hiyo, uwanjani karibu na hoteli ya Karavia, na yeye ndiye mwanamke pekee katika kazi ile. Watasema nini? Mficha uchi hazai, na Nafisa aliijua methali hiyo tangu utotoni, akaficha vilevile. Akajidanganya kwamba labda kompyuta imezidisha.

Saa kumi alasiri viti vya plastiki vilikuwa vimejaa. Mstari wa mbele walikaa kina mama, kama heshima inavyotaka, na katikati yao Alima, mama yake Nafisa, kavaa kitenge kipya, akiwaambia wenzake: yule pale ni mutoto wangu. Droni ingepita juu ya vichwa vyao hasa.

Désiré, mkuu wa kazi, alimsogelea, maikrofoni mkononi. "Nafisa, bantu banangojea. Iko shida?"

"Apana, chef. Kila kitu iko sawa."

Ee, binti huyu! Neno moja tu lilimshinda, naye hakuwa bubu.

Kangwa, mrushaji wa droni, akaanza kuvuta mipira ya manati kubwa ya kurushia. Nafisa alimwona mama yake anacheka. Akamnyang'anya Désiré maikrofoni. "Mama, mutoke pale! Itaanguka!"

Kangwa alikuwa ameshaachia. Kina mama hawakuuliza; walikimbia wameshikilia vitenge, viti vikipinduka. Droni ilipanda, ikayumba, ikainamisha pua, ikashuka. Ilivunja viti vinne vya mbele, na chupa za maji zilizowekwa badala ya dawa zikapasuka.

Hakuumia mtu. Désiré aliketi majanini. Alima alirudi polepole, mguu mmoja peku, akasimama mbele ya bintiye.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Nafisa angeweza kusema ni sasa hivi. Hakuna ambaye angejua. Lakini jicho la mama yake lilimtisha kuliko ile droni.

"Tangu asubuhi, mama."

Alima aliinama, akatafuta kiatu chake chini ya vipande vya plastiki, akaenda kungojea teksi peke yake.