Kisima Kilichojaa Viti Vibovu

Tangazo lilisomwa mwisho kabisa, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vya watoto na funguo za nyumba zao: ubatizo umeahirishwa tena, mpaka hapo kamati itakapokaa. Kanisa zima likaitika, "Amina." Mama Pacha aligeuka akawatazama. Amina ya nini? Hawa wangeambiwa paa linaungua wangeitika vilevile.

Hakuthubutu kumtazama mumewe. Alikuwa ameketi kando yake, fundi pikipiki wa watu, mikono ameisugua kwa sabuni mpaka imepauka. Yeye ndiye aliyekuwa abatizwe, peke yake, na walikuwa wameshampiga danadana vya kutosha. Mara kisima kinavuja, mara maji ya bomba hayana nguvu, mara wajumbe hawakutimia.

Miaka yote ya ndoa yao, Baba Pacha alikuwa akimshusha mkewe getini na kuondoka zake. "Nisalimie huko ndani," alikuwa akisema, kana kwamba Mungu ni shemeji yake. Mama Pacha alikuwa mshonaji, na aliomba huku anakanyaga cherehani, akimwombea mume huyo mmoja mpaka akachoka kubuni maneno mapya.

Kanisa lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa limepoa. Si kwamba watu hawakuja. Walikuja, tena wamependeza, wakajazana mabenchi ya nyuma na kumwachia mchungaji safu tupu za mbele kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Waliimba huku wakichungulia simu. Maombi ya Jumatano yalibaki ya Mama Pacha, bibi wawili na paka wa jirani, na kati ya hao aliyefika kwa wakati ni paka.

Lakini ilikuwa Jumatano hiyohiyo ya watu watatu ambayo Baba Pacha alikuja kumchukua mkewe mapema kidogo, akasimama mlangoni na kofia ngumu mkononi, akawasikia wale bibi wanamwombea yeye. Hawakumwombea aache pombe wala awe na adabu. Waliomba apate usingizi, kwa sababu mkewe alikuwa amewaambia kwamba halali. Wiki iliyofuata aliingia ndani, akaketi, na hakutoka tena.

Ndiyo sababu siku ile ya tangazo Mama Pacha alikuwa na hofu ya kweli. Moto mpya hauwekwi kwenye jiko lenye maji. Usiku ule wakati wa kula, mumewe alisukuma sahani yake pembeni.

"Mama Pacha, hivi nyie mnaamini kweli?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza tu. Mimi mteja akiniletea pikipiki nikamwambia njoo kesho, njoo kesho, anajua siitaki kazi yake. Jumapili ijayo nitakuja. Ikipita hiyo, siwaombi tena. Sitagombana na mtu. Nitabaki nyumbani."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtia mkewe baridi. Angefoka, Mama Pacha angejua la kumjibu.

Jumamosi asubuhi Mama Pacha aliacha magauni ya watu mezani, akawapitia wale bibi wawili, wakaenda kanisani. Kisima cha ubatizo kilikuwa chini ya mbao za madhabahu. Walipozifunua, wakashika viuno. Kumbe lilikuwa ghala! Viti vilivyovunjika miguu, spika bovu, mapazia, ndoo zisizo na mishikio. Chini kabisa, ndani ya mfuko, Mama Pacha alikuta majoho ya kwaya ya zamani, na akakumbuka mkono uliouweka mfuko ule. Ulikuwa wake. Siku hiyo aliinua ubao, akautumbukiza kati ya viti akiona ni mfuko mdogo tu, akaenda zake kupika.

"Basi na mimi nimo," akawaambia wale bibi.

"Sote tumo," alijibu mmoja wao. "Vuta hicho kiti."

Mkewe alipompigia simu, Baba Pacha alifika akiwa na nguo za kazi. Aliingia shimoni, akapapasa kuta, akagonga kila kigae kwa kifundo cha kidole. Hakuna palipovuja. Akafungulia bomba, maji yakaja yenyewe kwa nguvu. Mchungaji, kijana mpole aliyehamishiwa pale majuzi na ambaye hakuna aliyekuwa amemwonyesha kisima, alisimama akitazama maji yanapanda, kisha akakunja suruali akaja kusaidia kubeba viti.

"Kesho tunabatiza," alisema. "Nitampigia mzee."

Mzee huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati. Watu walimwita Tutaona, maana ndilo jibu lake kwa kila jambo. Na hapo ilibidi mchungaji aelezwe desturi ya kanisa lile: mtu haingii majini peke yake. Huingia na mzee wa kanisa, akamshika mkono, na mzee husimulia mbele ya wote siku aliyobatizwa yeye mwenyewe. Zamani wazee walikuwa wengi. Wengine walifariki, wengine walihama, akabaki Tutaona.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa sababu habari ya kisima ilikuwa imezagaa, na watu hawa hata wakipoa vipi hawakosi kuja kuchungulia. Baba Pacha alisimama majini, maji kiunoni. Mchungaji akaingia. Wote wakamgeukia Tutaona.

Mzee alikuwa ukingoni na suti yake, viatu vimefungwa kamba. Hakusogea. Mama Pacha alifikiri anaringa, akasikia hasira inampanda mpaka masikioni.

"Sina cha kusimulia," Tutaona alisema.

"Mzee, hata kwa kifupi," alisema mchungaji.

"Sikubatizwa."

Watu wa nyuma wakasimama wapate kumwona.

"Baba yangu alikuwa shemasi hapahapa," aliendelea, akitazama viatu vyake. "Nimelelewa kwenye mabenchi haya. Kila mtu alidhani nilishabatizwa, nikawaacha wadhani hivyo. Wakanipa uzee wa kanisa. Ningesemaje tena? Akitokea mtu wa kubatizwa, najua nitaitwa majini nisimulie. Basi nikasema kamati haijakaa. Nikasema kinavuja. Kiti kilipovunjika nikasema kitiwe mle. Nilikuwa nafunika aibu yangu, na nikawafunika na nyie."

Mama Pacha alitamani kumzaba kibao. Miaka mingapi ya watu waliochoka kusubiri, wakaenda zao! Hapo hasira ikakatika kwa woga. Huyu ndiye kichwa cha kanisa, na kichwa kimekiri kwamba ni kitupu. Sasa mume wangu atatoka kwenye hayo maji, aliwaza, na atakuwa na haki.

Baba Pacha alikuwa amekaza macho kwa mzee. Kisha mabega yake yakashuka, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia.

"Kumbe ni hilo tu? Mzee wangu, mimi nilidhani ni mimi hamnitaki! Nilijua mmekaa mkaona, huyu na historia yake, hapana."

Mama Pacha alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumapili iliyopita. Siku zote alimwogopea mumewe asije akaona ubaridi wao, wala hakujua kwamba mtu huyo alikuwa anajihukumu mwenyewe. Hakungoja kuitwa. Alivua kandambili, akashuka majini na gauni lake zuri, akamshika mkono.

"Nitasimulia mimi," alisema.

Akasimulia siku yake: alikuwa msichana, maji yalikuwa ya baridi, kilemba kikaelea, na alipoinuka alimwona mama yake analia. Hakuwa ameikumbuka siku ile kwa muda mrefu. Mchungaji akamzamisha Baba Pacha na kumwinua, na wale bibi wawili wakapiga vigelegele kana kwamba wamezaa.

Mchungaji alipotaka kutoka, Baba Pacha hakutoka. Alinyoosha mkono kuelekea ukingoni.

"Mzee, vua viatu."

"Mimi? Na umri huu?" Tutaona aliangaza huku na huku. "Hata mafundisho sijapitia."

"Mafundisho umeyafundisha mwenyewe miaka yote," alisema mchungaji.

Kanisa likacheka, na mzee pia, machozi yakimtoka. Akainama, akahangaika na kamba mpaka Mama Pacha akaja kumfungulia. Huku nyuma watu walikuwa wameanza kusogea mabenchi ya mbele, hakuna aliyewaambia. Tutaona akashuka na suti yake, akasita kwenye ngazi ya mwisho.

"Lakini desturi," alisema. "Nani atasimulia kwa ajili yangu, na wazee hatuna?"

"Mimi," alisema Baba Pacha.

"Wewe utasimulia siku gani?"

Baba Pacha alimshika mkono, akawageukia watu, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Siku yangu mimi ni leo," akaanza.