Programu Iliyouliza Uzito wa Jiwe

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba 2002, saa moja na nusu asubuhi, Waridi alifuta vumbi la unga kwenye meza ya mchele, akatandika kitenge cha zamani, na juu yake zikawekwa kompyuta mbili. Duka lilikuwa Buyenzi, barabara ya kumi na tisa, na liliuza mchele, maharage, sukari, chumvi na mawese. Risasi zilikuwa zimelia milimani hadi alfajiri, kwa hiyo mabasi ya Musaga yalichelewa, na wauzaji wa programu za hesabu wakachelewa nayo. Waridi aliwawekea chai kwenye chupa ili isipoe.

Mwenye duka alikuwa Hamimu, mtoto wa marehemu kaka yake Atumani. Duka lilikuwa limekua. Sasa lilikuwa na malori mawili, stoo mbili na wafanyakazi tisa, na hesabu zake zilikuwa bado kwenye madaftari ya shule mia moja na kumi na nane, yote kwa mwandiko wa Waridi. Alikuwa na miaka sitini na sita, na ishirini na sita kati ya hiyo aliipitisha nyuma ya mizani. Kila mnunuzi alimwandika jina, hata aliyelipa taslimu, ili siku akirudi amwulize habari za watoto.

"Shangazi, we ndiyo unajua hii duka yote," Hamimu alisema. "Tutajaribu hizi programu mbili siku makumi tatu. Kisha utaniambia gani iko muzuri."

Programu ya kwanza ililetwa na Télesphore, kijana wa tai aliyefanya kazi kwenye ofisi moja ya mjini. Ilikuwa kwenye disketi tatu. Ilijua mauzo, manunuzi, madeni na kodi, basi. Télesphore alijumlisha madaftari kwa mwezi, akaingiza jumla tu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Karatasi ikatoka, safi, mistari imenyooka.

"Yangu haiulizi maulizo," alisema. "Unaipa namba, inakupa namba."

Programu ya pili ililetwa na Lisette, mkimbizi kutoka Uvira, aliyevuka mpaka na sidii moja ya kompyuta aliyoifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Hiyo iliunganisha kila kitu: stoo, mizani, mishahara, malori, wateja. Mtu hakuweza kuigusa sehemu moja bila sehemu nyingine kujua. Ilitaka madaftari yote, ukurasa kwa ukurasa, jina kwa jina. Lisette aliongeza ukubwa wa herufi bila kuombwa, ili Waridi asome bila kukunja uso, na Rachidi, mpagazi wa stoo, alimtandikia Lisette katoni chini ya miguu kwa sababu sakafu ilikuwa baridi. Wakaandika siku kumi na tisa.

Télesphore alipita kila jioni kuwasalimu.

"Mungali mwaka gani?"

"Themanini na mbili," Lisette alijibu.

"Mi nilimaliza zamani. Nitawaletea shuka mulale hapo."

"Lete na mito, muzee wa disketi."

Tofauti ya kwanza kati ya programu hizo mbili ilikuwa matabishi. Matabishi ni konzi ya mwisho ambayo muuzaji humwongezea mnunuzi baada ya kupima, bila malipo. Duka lisilotoa matabishi Buyenzi halina wateja, lina majirani tu. Programu ya Télesphore haikuwa na mahali pa kuyaandika. Ya Lisette ilikuwa napo, na iliuliza konzi ya Waridi ina gramu ngapi. Wakapima: sitini. Waridi alifurahi, kwa maana hakuwahi kujua kwamba mkono wake ni mkubwa hivyo.

Tofauti ya pili ilikuja siku ya ishirini.

"Mama, hapa inauliza jiwe ya kilo iko na uzito gani," Lisette alisema.

"Kilo, mutoto wangu. Si ndiyo sababu tunaiita jiwe ya kilo?"

Lisette aliandika kilo moja. Kioo cha kompyuta kikawa chekundu, na neno moja likatokea: *Pima.*

Rachidi akalibeba jiwe hadi kwa Shakuru, sonara wa jirani, kwa sababu mizani ya dhahabu haina mzaha. Alirudi baada ya robo saa na kikaratasi. Shakuru alikuwa ameandika: gramu mia tisa na kumi. Chini yake aliongeza kwamba madini ya risasi yaliyojazwa kwenye tundu la jiwe, upande wa tako, yaliondolewa zamani kwa patasi, na kazi ilifanywa vizuri.

Waridi alilipindua jiwe. Miaka ishirini na sita alikuwa amelishika kwa kishikio chake cha juu, kila siku, na hakuwahi kulitazama chini. Halafu akaandika 910, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli, na kioo kikarudi kuwa cha buluu.

Kesho yake asubuhi Rachidi alishindwa kuingia stoo. Ilikuwa imejaa. Magunia mia nne na kumi na mawili yalikuwa yamepangwa hadi kwenye mabati, kila moja na kibandiko chenye jina, mtaa, miaka na uzito. Yalikuwa na gramu tisini tisini zilizobaki kila mtu alipopimiwa kilo, tangu daftari la kwanza hadi la mwisho. Maharage ya mwaka wa sabini na nane yalikuwa mabichi kama yaliyovunwa juzi. Sukari ya miaka ya vikwazo ilinukia mazutu, yaani dizeli, kwa sababu wakati ule ililetwa kwa magendo ndani ya madumu ya mafuta. Magunia ya wateja waliofariki yalikuwa upande wa kibla, na hakuna aliyeyapanga hapo.

"Mama Waridi," Rachidi alisema, "mi nililipwa kupakua malori. Hii haikuja na lori."

"Nitamwambia akuongeze," Waridi alisema, na alimwambia kweli, na Hamimu alimwongezea mia mbili.

Hamimu aliyatazama magunia akiwa mlangoni, akayahesabu kwa kidole, akauliza kama kuna panya. Waridi alimwuliza jambo moja.

"Ulijua habari ya jiwe?"

"Shangazi, jiwe nilirizi na duka yake. Baba ndiye alilitoboa. Na kila mutu sokoni jiwe yake iko vile. Nikiweka kilo nzima, watu watasema bei yangu iko juu."

"Na matabishi yangu?"

"Hayo yako mazuri. Endelea nayo."

Waridi alirudi kwenye kompyuta na kuuliza kama gramu sitini za konzi yake zinaweza kupunguzwa kwenye zile tisini. Programu ilijibu kwamba zawadi haikatwi kwenye kilichochukuliwa. Ni kurasa mbili tofauti. Waridi aliona jibu hilo ni la adabu.

Gunia alilolitafuta lilikuwa safu ya tatu. *Consolate, Kanyosha, maharage, 1995 hadi 2002, kilo thelathini na mbili.* Nyumba ya Consolate huko Carama ilichomwa vitani, na tangu hapo aliishi Kanyosha na watoto watano kwenye chumba cha kuazima. Kila Jumatano alikuja kwa miguu kununua kilo moja. Alipita maduka matatu ya maharage njiani, akisema kwamba kwa Mama Waridi mtu anapimiwa kwa moyo. Mara moja alimletea kitunguu kimoja kikubwa, zawadi, amekifunga kwenye jani la mgomba. Jumatano iliyopita alikuwa amenunua nusu kilo, na Waridi hakuuliza kwa nini, kwa sababu alijua.

Gunia lilikuwa la Consolate, na Waridi alitaka alipate Jumatano inayokuja.

Lakini mlango wa stoo ulikuwa haufunguki tena kwa kutolea mali bila karatasi. Kufuli lilikuwa lilelile la Kichina na hapakuwa na waya wowote. Mtu aliingia mikono mitupu na kutoka mikono mitupu. Akibeba kitu, mlango ulifungwa mpaka akirudishe. Karatasi ilitolewa na programu ya Lisette, na programu ilikubali sababu nne tu: mauzo, zawadi, kuharibika, wizi.

"Kurudisha iko wapi?" Waridi aliuliza.

"Hawakuiweka, Mama," Lisette alisema. "Walioitunga walifikiri maduka hairudishe."

Mauzo yalitaka malipo mkononi, na Waridi hakuwa na fedha ya gunia, kwa hiyo alichagua zawadi. Programu ikataka namba ya siri ya mwenye duka, na Hamimu alisema namba ya siri ni siri.

Alichagua kuharibika. Papo hapo gunia likaota ukungu wa kijani, na Rachidi akapiga chafya mara tatu. Waridi alifuta alichoandika. Ukungu ukarudi ndani ya maharage, na maharage yakawa mazima.

Ikabaki wizi. Programu iliuliza: *Mwizi ni nani?*

Waridi hakuwa mtu wa kusema uongo. Akaandika *Hamimu*. Programu ikajibu: *Mwenye duka haibi.* Akaandika *Atumani*, akimwomba kaka yake radhi huko aliko. Programu ikajibu: *Marehemu hana mshahara wa kukatwa.*

"Andika mi," Rachidi alisema.

"We una watoto saba."

"Basi tugawane. Nusu mi, nusu we."

Programu haikukubali majina mawili. Waridi akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole cha shahada. Kioo kikasema asante. Karatasi ikatoka, mlango ukafunguka, na Rachidi akatoka na gunia begani. Kwa kuwa sehemu zote zilikuwa zimeunganishwa, ukurasa wa mishahara ulijua hapohapo: kilo thelathini na mbili kwa faranga mia tatu na arobaini, zikatwe kwa Waridi, mwizi, sehemu moja ya kumi ya mshahara kila mwezi, kwa miezi mitano.

Consolate alifika saa nne. Alikuta gunia limesimama kando ya mizani, na jina lake juu yake.

"Mama, mi sikuwa na pesa ya gunia."

"Ni lako. Jiwe letu lilikuwa linakula gramu tisini kwa kila kilo yako. Hizo hapo."

Consolate alisoma kibandiko, akalisukuma gunia kidogo kupima uzito wake.

"Tulijua, Mama."

"Mulijua?"

"Yenu inakula tisini. Ya pale kwa kona inakula mia mbili. Ile ya Musaga, Mungu atusaidie, ile iko jiwe ya nusu wameiandika kilo." Alifungua kamba, akachota maharage, akayanusa. "Sisi tulikuja kwa sababu ya konzi yako. Na unauliza watoto kwa majina."

Waridi aliuliza habari za watoto kwa majina, wote watano. Rachidi alilibeba gunia hadi kituo cha basi. Konda alitaka nauli ya gunia; Rachidi alimwambia gunia limepunjwa miaka saba, limechoka kulipa. Konda akacheka, akalipandisha bure.

Siku ya thelathini, Ramadhani ikiwa mlangoni, Hamimu aliwakalisha Télesphore na Lisette kwenye viroba vya chumvi. Aliweka karatasi za programu zote mbili juu ya kitenge, akazilinganisha mstari kwa mstari.

"Télesphore, yako iko ya bei ndogo, na haisumbui mutu."

"Ndiyo, patron."

"Lakini mwezi muzima haikuleta hata punje. Ya huyu mama imeleta magunia mia ine na kumi na mawili. Sikulipa lori, sikulipa askari wa kizuizi, sikulipa ushuru."

"Hayo magunia iko na wenyewe, patron," Lisette alisema. "Majina iko juu."

"Majina yanatoka kwa maji ya moto," Hamimu alisema, na akatia sahihi.

Watu wakaja kununua vyakula vya mwezi mtukufu. Waliuziwa magunia yao wenyewe, kilo kwa kilo, kwa jiwe lilelile. Wengine walitambua majina yao kabla Rachidi hajafika na maji ya moto, wakasema bei ni ileile, wakanunua. Gramu tisini za kila kilo zilirudi stoo usiku, zikaanza magunia mapya, madogo, yenye tarehe ya leo. Hamimu alipiga hesabu, akaona kwamba akiwa na subira hatahitaji tena kuagiza maharage. Télesphore alikunywa chai yake, akamwachia Waridi kalamu nzuri ya kumbukumbu, akaenda zake.

Waridi alibaki mbele ya kioo na orodha ya wenye magunia, ambayo mauzo hayakuifuta. Aliyemfuata Consolate alikuwa Daphrose wa Musaga, mchele na chumvi. Aliuliza programu ni lini ataweza kuiba kwa ajili ya Daphrose. Ikajibu: mwezi wa nne wa mwaka ujao, deni la kwanza litakapokwisha. Akauliza, na wote waliobaki?

Programu ilifikiri kwa muda wa kumenya vitunguu viwili. Kisha ikatoa karatasi. Ilikuwa imepanga magunia mia nne na kumi na moja, moja moja, miezi mitano mitano, likitangulia la mteja mwenye watoto wengi. Kwa kuwa mshahara hauwezi kukatwa kwa mtu asiye kazini, ilikuwa pia imeuongeza mkataba wa Waridi hadi mwaka 2174, na nafasi ya sahihi ya mwenye duka ilikuwa imeshajazwa.

Hamimu aliisoma karatasi, akaona hakuna nyongeza ya mshahara, akairudisha.

"Utaweza, Shangazi?"

"Kwa kusimama, apana," Waridi alisema, na akaomba kiti chenye mto.